Yowe Nililopiga kwa Baba Shija

Mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba hapa Kalangalala nikiwahimiza wazazi wawasomee watoto wachanga vitabu. Sasa sikieni nilivyojiaibisha.

Juzi mchana nilikuwa naanika dagaa uani, nikasikia sauti nzito ikinguruma kwa jirani yangu Baba Shija, mchimba dhahabu. "Leo nakutafuna! Naanza na miguu!" Mwanawe wa miezi kumi akapiga ukelele. Nami najua mama mtu yuko sokoni! Nikawaza, mashimo ya dhahabu yamemtia wazimu. Mtoto alipopiga ukelele wa pili, nikapiga yowe lote nililojaliwa.

Sungusungu, walinzi wa mtaa wetu, wakaja mbio na marungu, wakausukuma mlango. Mimi nikajibanza nyuma yao, naogopa kuona damu.

Baba Shija alikuwa anatambaa mkekani, mtoto kamng'ang'ania masikio, anacheka mpaka udenda unamtoka. Kando yao kilikuwa kitabu cha picha nilichowapelekea mwenyewe wiki iliyopita. Akayatazama marungu, kisha akaniona mimi.

"Mama Kulwa, si ulisema nimsomee kwa sauti ya fisi?"