Siku Maji Yangu ya Kuoshea Vioo Yalipoitwa Gongo

Jamani, aibu hii ningeendelea kuikalia kimya kama si mke wangu, ambaye ameanza kuisimulia kwenye vikao vya akina mama akitia na vitu ambavyo havikutokea, kwa hiyo nimeona heri nijiaibishe mwenyewe kwa ukweli kuliko kuaibishwa kwa chumvi. Ni kweli nilisimamishwa mbele ya umati nikiwa na madumu mawili yanayotoka povu. Ni kweli mama mkwe wangu alikuwepo. Ni kweli mchungaji aliniuliza kama kuna jambo nataka kutubu. Ila hiyo ya kwamba nililia, hapana (nilipikicha macho kwa mikono yenye spiriti, na spiriti ikiingia machoni hata askari angetoa machozi).

Kazi yangu ni kuosha vioo hapa Tunduma. Nina baiskeli, ngazi fupi ya mbao, ndoo, sponji, mpira wenye mpini wa kuvutia maji kwenye kioo, na wateja ninaowazungukia kwa zamu: duka la dawa, saluni mbili, ofisi ya mawakala wa forodha na wengineo, maana mji huu malori hayakatiki na vumbi lake halina adabu, kioo ulichokiosha Jumatatu ikifika Alhamisi unaweza kuandikia jina lako kwa kidole. Watu wakiniona juu ya ngazi wanadhani kazi ni kufuta. Kufuta ni starehe. Kazi ni maji. Maduka mengi hayana bomba la nje, na hata yenye bomba kuna siku linatoa upepo tu, kwa hiyo natembea na maji yangu mwenyewe, madumu mawili ya lita ishirini, moja kila upande wa baiskeli, na asikudanganye mtu, lita arobaini zikianza kuyumba kwenye mteremko utamkumbuka Mungu.

Sasa kulikuwa na Mama Suma, ambaye alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake ya wageni, ghorofa moja, mbele yote vioo, na alitaka iombewe Jumamosi saa tano asubuhi ndipo ifunguliwe. Ijumaa jioni akaniita.

"Baba Tumaini," akasema, "nioshee mbele kote kabla wageni hawajafika. Nikiridhika, nyumba hii utaiosha wewe kila wiki."

Kwa mtu kama mimi hiyo ni habari kubwa, nyumba moja sawa na maduka sita. Tena wa kuiombea alikuwa mchungaji wetu, na wa kuimba ni kwaya ya akina mama, ambayo mwalimu wake ni mama mkwe wangu. Yaani watu wote ambao ningependa wanione nikifanya kazi vizuri wangekuwa mahali pamoja, nikalala nikitabasamu.

Alfajiri nafungua bomba, kimya. Kwa jirani, kimya. Wauza maji wa mikokoteni walikuwa wameshamaliza maji yao tangu jana yake. Sikuona sababu ya kuhangaika, nikafunga madumu yangu kwenye baiskeli nikavuka kwenda Nakonde (kwa asiyekujua kwetu, Nakonde ni Zambia, lakini ni hatua chache tu, ndugu wamekaa pande zote mbili na mtu anaweza kuvuka kwenda kuomba chumvi akarudi ugali haujaiva). Huko ameolewa Shangazi Nanyangwe, dada yake baba, na uani kwake kuna kisima.

Nikamwamkia, nikapanga foleni nyuma ya majirani hadi saa nne, nikachota, nikajaza. Na hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Kwa kawaida nabeba maji matupu, sabuni natia kwenye ndoo nikishafika kwa mteja, na mwishoni natia spiriti kidogo sana kwenye kitambaa ili kioo king'ae. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya miaka yote. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka na nilikuwa na akili nyingi, nikaona kwa nini nikachanganye kule mbele ya Mama Suma wakati naweza kuchanganya hapa, nikifika ni kuchovya na kuosha. Nikagawa chupa nzima ya sabuni ya maji kwenye madumu yote mawili. Halafu nikatia spiriti. Nilitaka kutia kidogo, ila kifuniko cha chupa kiliangukia kisimani, na kutembea na chupa ya spiriti iliyo wazi si busara, basi nikamimina yote.

Shangazi alikuwa anapepeta maharage pembeni. Akanitazama.

"Baba, hiyo sabuni mbona unaitia huku? Kazi si iko kule?"

"Nawahi, Shangazi."

"Haya. Wewe ndiye mwenye vioo."

Dumu moja lilikuwa na kifuniko chake. La pili nililiziba kwa gunzi la mahindi, kama tunavyofanya wote, nikaaga, nikaondoka nikisukuma baiskeli.

Njia ya kurudi ina mawe na mashimo, na mimi nilikuwa naharakisha, kwa hiyo nilikuwa natikisa lita arobaini za maji ya sabuni kwa nusu saa bila kujua kuwa natikisa. Nilianza kuona watu wananitazama nikipita. Nikadhani ni kwa sababu ya shati (nilikuwa nimevaa shati la kanisani kabisa, ili maombi yakianza nisirudi nyumbani kubadili). Mwanamama mmoja akanionyesha kidole nyuma yangu, nami nikampungia mkono. Kumbe povu lilikuwa limeshapenya pembeni ya gunzi na linanifuata njiani kama mkia mweupe.

Nilipofika sokoni, upande wetu sasa, gurudumu likaingia shimoni na gunzi likaruka. Lilitoka kwa nguvu ambayo sikujua gunzi linayo, likatua katikati ya beseni la kapenta, wale dagaa wadogo wakavu wanaotoka Zambia, na nyuma yake likafuata povu likawafunika kapenta wote kama shuka. Muuzaji alikuwa mama wa Kizambia mwenye mwili wake. Akasimama taratibu, akachota povu kwa kidole, akanusa.

"Iwe," akaniambia, maana yake "wewe". "Iyi ni kachasu."

Kachasu ndiyo gongo, ile pombe haramu, wanavyoiita wao, na Tunduma hakuna asiyelijua neno hilo. Lilipita kwa wauza viazi, likapita kwa mafundi viatu, likafika mbele yangu kabla sijaliziba dumu kwa kiganja. Watu wakaanza kutembea nami. Mama wa kapenta naye akabeba beseni lake kichwani akaja nyuma, kwa sababu alitaka mtu wa kumjibu.

Mbele kidogo kuna kijumba cha ukaguzi. Siku hiyo alikuwepo askari wa kike, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na nawaambia, mtu wa namna hiyo anatisha kuliko anayefoka.

"Kaka, habari za asubuhi. Umebeba nini?"

"Maji, afande."

"Maji yanatoa povu?"

"Ni maji ya sabuni, afande."

Akainama akanusa. "Na harufu hii?"

"Ina spiriti. Kidogo."

"Kwanza yalikuwa maji," akasema bila kupandisha sauti. "Halafu ya sabuni. Halafu ya spiriti. Nikikuuliza mara ya nne tutafika wapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akashauri kwamba kama ni maji, basi ninywe, mambo yaishe. Nikasema hayanyweki, ni sumu, na nilipotamka neno sumu nikaona hata waliokuwa upande wangu wanarudi nyuma hatua moja. Nikaeleza kuhusu vioo. Nikaonyesha sponji. Mtu akasema ndivyo wanavyofanya siku hizi, wanabeba na sponji.

Hapo ndipo niliposikia vigelegele vya mazoezi vikikatika ghafla. Kwaya ya akina mama ilikuwa inapita kuelekea kwa Mama Suma, sare za kitenge cha bluu, mchungaji mbele, mama mkwe katikati akiwa na ndoo ya maji ya kunywa kichwani. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana sana, hatusemeshani ana kwa ana wala hatupeani kitu mkononi. Aliangalia madumu, akaangalia umati, akageukia mchungaji.

"Mchungaji, naomba umuulize huyo. Alipoleta posa alisema hanywi."

Nawaambia, nilitamani ile ardhi ya Tunduma ipasuke. Mchungaji akaja karibu, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, kama kuna jambo, liseme hapa hapa tuliombee."

"Mchungaji, ni ya vioo. Ni ya vioo vya Mama Suma." Nikapikicha macho, na hapo ndipo ile habari ya machozi ilipoanzia.

 Nyuma ya yule afande kijumba kilikuwa na madirisha mawili yenye vumbi la miezi, huoni aliye ndani. Akayaonyesha kwa kidole.

"Kama ni ya vioo," akasema, "kioo hiki hapa."

Nikashukuru moyoni. Nikachovya sponji, nikaosha kwa madaha, nikavuta mpira kuanzia juu. Badala ya kioo kutakata, kikawa cheupe. Nikarudia, kikazidi, povu juu ya povu, michirizi kila mahali, mpira unateleza tu. Nilikuwa nimetia sabuni ya wiki nzima, na ili kuisuuza nilihitaji maji matupu, na maji matupu mimi mwenyewe nilikuwa nimeyamaliza kule kisimani kwa akili zangu nyingi. Nyuma yangu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

"Hata kazi yenyewe haijui," alisema mzee yule aliyetaka ninywe.

Nikageuka. Nikasema ukweli. "Nahitaji maji safi. Ndoo moja tu. Nikishindwa hapo, nipelekeni mnakotaka."

 Maji yalikuwa adimu siku hiyo, nani angempa mtu wa gongo. Kisha nikamwona mama mkwe anapiga magoti, anaitua ile ndoo ya kwaya kutoka kichwani, anaiweka chini mbele ya mwenzake.

"Isogeze karibu na Baba Tumaini," akamwambia mwenzake. "Sisi tutaimba na kiu."

Nikasuuza kioo kile kwa vikombe vitatu. Nikafuta mpira kwenye suruali, nikauweka juu kabisa, nikaushusha mara moja bila kuinua mkono. Ukatokea mstari safi, na ndani ya mstari ikatokea saa ya ukutani iliyokuwa ndani ya kijumba. Saa tano kasoro robo. Mtu akasema, "Kumbe ndani mna saa," na hapo kicheko kikageuka kuwa kingine, kile cha kucheka pamoja.

Afande akajitazama kwenye kioo, akaweka kofia sawa.

"Ni ya vioo," akatangaza. "Malizia na cha pili, halafu uende. Na hawa kapenta?"

Kapenta niliwanunua wote, beseni zima, na yule mama akanifungashia vizuri kwenye gazeti akisema kwamba nikiwapika niwaoshe kwanza, lakini si kwa maji yangu.

Kwa Mama Suma nilifika saa tano na dakika zake, jasho tupu, wageni wameshakaa kwenye viti na vioo vyote vya mbele vina vumbi. Alisimama mlangoni na kitambaa chake kipya kichwani, akanitazama mimi, akavitazama vioo, akanitazama tena. Mchungaji ndiye aliyeniokoa. Alinong'ona naye kidogo, kisha akawaambia watu wainame na wafumbe macho, kwamba nyumba hii tutaiombea chumba kwa chumba. Mimi nikaelewa. Nikachukua maji matupu kwenye pipa la jikoni kwa Mama Suma, nikaweka ngazi, nikaanza.

Aliombea mapokezi, akaombea korido, akaombea vyumba vya chini kimoja kimoja, na kila nikishusha mpira ulikuwa unalia kwenye kioo kama mtoto wa nguruwe, na kila ukilia, kwaya ilikuwa inaitikia "Amina" kwa nguvu kuufunika. Alipoombea choo cha pili niliona bega la mchungaji linatikisika kwa kicheko. Watu walipofumbua macho, mbele ya chini pote palikuwa panaonyesha barabara na malori kama televisheni. Juu palibaki na vumbi lake.

"Juu njoo Jumatatu," akasema Mama Suma baadaye, akinipa soda. "Na tafadhali, uje na maji ya kawaida."

Nilikwenda Jumatatu, na hadi leo nakwenda kila wiki. Kapenta tuliwala siku nyingi, mke wangu akiapa wana ladha ya kufulia, mimi nikila kimya. Na nimejiwekea nadhiri, nikiwa na haraka au sina: maji nayasafirisha yakiwa maji. Sabuni inakaa mfukoni, spiriti inakaa kwenye kichupa chake kilichofungwa, na vyote vitakutana mbele ya kioo, siyo kabla. Akitokea mtu akaniuliza nimebeba nini, nataka nijibu neno moja, halafu ninyamaze.