Tuliongeza nafasi ili sauti ya kaka isifutwe

Admin, nifichie jina, na jina la mume wangu pia. Mji wetu ni mdogo, na mama anao wajukuu wanaomsomea kila kinachopita kwenye simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Bariadi. Mimi na mume wangu tuna chumba kimoja cha biashara. Mimi natoa kopi na kuchapa barua za watu, yeye ni fundi kompyuta na anahariri video za harusi. Kazi zote hizo zinafanywa na kikompyuta kimoja kidogo cha mezani, ukubwa wake haufiki tofali. Msikicheke, ndicho kinachotulisha.

Humo ndimo ilimokuwa sauti ya kaka yangu. Kabla hajaugua alipita dukani wakati mume wangu anajaribu maikrofoni mpya, akaishika kwa utani na kumsalimia mama ambaye hata hakuwepo. "Mwadila mayu," alisema, kwa salamu yetu ya Kisukuma, halafu akamuuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji na kama yule jogoo mkorofi bado yu hai, akacheka mwenyewe. Basi. Alipofariki, hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki.

Tangu msiba, kila Jumapili akitoka kanisani mama anapanda gari kutoka Nkololo kuja kumsikiliza. Anakalia kiti alichokalia kaka, nabonyeza, na yeye anaitikia salamu na kujibu kila swali. Habari za jogoo anazitoa kwa kirefu. Niliwahi kutaka kumwekea kwenye memori kadi ya redio yake, akakataa. Alisema mtu hatembezwi mfukoni. Nikaacha, kwani ningebishana naye vipi?

Sasa kompyuta ikajaa. Mume wangu akasema tuchague vya kufuta, mimi nikaogopa tusije tukagusa sauti ya kaka kwa bahati mbaya. Tukakubaliana tuongeze SSD ya pili, ile diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili, maana ndani ya kile kikompyuta kulikuwa na sehemu yake imekaa wazi. Akaifunga vizuri, akawasha, ikaonekana. Ilibaki kuifomati tu ianze kutumika.

Hapo ndipo mama alipotokea mlangoni, na haikuwa hata Jumapili. Alikuwa ametoka kliniki.

Inabidi niwaeleze wasio wa huku. Kwetu Wasukuma, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kupishana. Wengine siku hizi wameacha, lakini hawa wangu wawili hawajawahi kukaa chumba kimoja. Mama akija, mume wangu anatoka mlango wa nyuma. Humo humo katika kupishana wanapendana. Mama humletea viazi na kuvituma kwangu, huku akimsifu kwa watu kwamba amepata mkwe mwenye adabu. Basi siku hiyo pia mume wangu akainama, akatoka, akaacha kazi katikati.

Mimi nikapiga magoti kumsalimia mama, na salamu za kwetu mnazijua, si za kukatisha. Wakati naitikia habari za mifugo simu ikalia. Mume wangu alikuwa nyuma ya ukuta, hawezi kupaza sauti mkwewe akiwepo, kwa hiyo kaandika meseji: "Chagua ya chini. Format. Ok." Nikainuka, kwenye orodha ya diski nikachagua ya chini. Kompyuta ikanionya kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Nikajisemea kitu kipya kina nini cha kufutika, nikakubali. Kwa kuwa mteja wa Lagangabilili alikuwa anasubiri, nikarusha na video ya harusi yake humo humo kutoka kwenye kamera.

Mama alipoondoka mume wangu akarudi, akatazama, akakaa chini. Mpya ilikuwa ya juu, kule nyuma ya ukuta alikumbuka vibaya. Niliyoifuta ni ile sehemu ya SSD yetu ya kwanza tulikokuwa tunahifadhia mafaili yetu yote.

Amejaribu programu za kurudisha vilivyofutwa. Jina la faili la kaka limerudi, ukilifungua halitoi hata mkwaruzo. Tukaipeleka Mwanza kwa fundi mwenzake, naye akasema SSD siyo kama zile diski za kuzunguka, ukishaifuta inajisafisha yenyewe. Nililia pale pale kwenye benchi la watu.

Mama hajui. Jumapili ya kwanza nilimwambia kompyuta ni mbovu. Iliyofuata nikasema umeme umekatika, na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Hakubisha. Alikaa kwenye kile kiti, akakigeukia kikompyuta kilichozimwa, akakipa habari za jogoo, akaaga. Nilitoka nje nikajifanya nafagia.

Mume wangu ameniambia, "Mwambie ni mimi niliyefuta. Hawezi kuniuliza." Ni kweli hawezi. Lakini mume wangu naye hataweza kumwomba msamaha, na mama atakufa na hilo moyoni, na ile heshima yao ndiyo itakuwa imekwisha. Nikisema ni mimi, nitakuwa mtoto niliyemuua kaka yangu mara ya pili. Simlaumu mume wangu, wala sijui nimlaumu nani.

Jana mama amepiga simu. Jumapili hii anakuja na mtoto wa kaka, yule aliyekuwa bado tumboni baba yake anafariki. Amesema mtoto ameshaanza kuelewa maneno, aje amsikie baba yake akicheka.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mlio na mama kama wangu, sitafuti wa kunifariji. Nikishapiga magoti nikamsalimia, na mtoto amesimama pembeni yake anasubiri, neno langu la kwanza liwe lipi?