Nani Alimtoa Binti Yangu

Mume wangu anasoma historia ya kale hapa Guangzhou, China, kwa ufadhili. Mimi niliishia kidato cha nne, nikamfuata na mimba. Wiki ile alikuwa anajiandaa kuwasilisha darasani kitenzi kimoja cha Wamisri wa kale, rdi. Mazoezi aliyafanya mbele yangu, binti yetu akihangaika mapajani mwangu.

"Maana yake ni kutoa, kumpa mtu kitu," alisema, akanichorea mkono ulioshika mkate. "Ila pia ni kuweka. Na kusababisha. Na kuruhusu."

"Kitenzi kimoja?"

"Kimoja. Wakikiweka pamoja na moyo, kinaweza kuwa kuhangaika juu ya mtu. Pamoja na uso, kuamuru. Mara nyingine ile r haipo, wanaandika di tu. Kimeishi maelfu ya miaka. Wakristo wa Misri walikuja kukitamka ti."

"Sasa msomaji anajuaje kama mtu katoa au karuhusu tu?"

"Anaangalia maneno yanayofuata."

Sikuelewa, nikaona ni ujinga wangu. Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja wa Mwanza, mfanyabiashara, ambaye huwa namsindikiza kwenye masoko ya barabara ya Guangyuan Xilu kununua nguo za jumla.

"Mdogo wangu, nimekuja kuchukua pasipoti ya mtoto. Naondoka naye Ijumaa, bibi yake anamsubiri."

Nikacheka. "Acha utani, dada."

"Utani mei you," akasema, kama wauzaji wa huku wanavyotujibu wakiwa hawana kitu. "Muulize mumeo."

Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Kwao mtoto wa kwanza akishatembea hupelekwa kulelewa na bibi mzaa baba. Hilo nalijua. Lakini mimi na yeye hatukuwahi hata kulizungumza.

"Sikumtoa," akasema. "Mama aliomba kwenye simu, nikasema sawa mama. Ungemjibu nini mzazi? Nilijua atasahau."

"Kwa hiyo uliruhusu?"

"Wala sikuruhusu!"

"Basi nani kafanya? Wamisri?"

"Jamani," yule mama akasema, "mimi teksi inanisubiri chini."

Hasira ilinipanda, na sikujua hata namkasirikia nani. Nikanyakua simu nikampigia mama mkwe mwenyewe, jambo ambalo mkwe wa kike kwao hafanyi.

"Shikamoo mama. Mtoto haji."

Akajibu kwa upole kabisa: "Marahaba mwanangu. Kwani si wewe uliyesema umechoka? Mimi niliambiwa unaomba msaada."

Mtoto alibaki. Mume wangu anaapa hakumtamkia mama yake neno "kachoka". Mama mkwe si mwongo, hata mimi siwezi kumsingizia. Lakini kuna siku, nikipanda ngazi za soko na binti mgongoni, wapagazi wakinipigia kelele nipishe marobota, najiuliza kama hilo la kuchoka sikulisema mimi, jikoni, kwa sauti, na mtu akalisikia akalipeleka.