Mama Alibaki Ili Aulizwe

Kampuni ya kura za maoni ilitoka Nairobi miezi michache kabla ya uchaguzi, ikatukusanya vijana tuliosoma katika ukumbi mmoja hapa Lodwar na kutugawia tableti. Mimi nikapewa kazi ya kuligeuza dodoso lote liwe Kiturkana. Aliyeyatunga yale maswali, naapa, hajawahi kuketi na mtu wa kwetu hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. "Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungemchagua nani?" Nililijaribu kwa mzee jirani. Akaniambia leo hakuna uchaguzi. Nikamwambia tuseme upo. Akauliza nani amesema upo, na mbona yeye hakuambiwa. Nilihangaika na sentensi hiyo kuliko nilivyohangaika na mtihani wowote maishani mwangu.

Swali la mwisho halikunisumbua. Shida kubwa ya hapa kwenu ni nini? Hilo mtu yeyote analielewa.

Kaikor, nyumbani kwetu, ilikuwa kati ya sehemu zilizochaguliwa. Mimi nilipangiwa mjini Lodwar. Kundi la kaskazini alipewa rafiki yangu aliongoze, mtu wa Lowarengak, huko huko kaskazini, tuliyesoma naye shule ya bweni. Likizo ambazo alikosa gari la kwenda kwao alikuja kwetu, akanywa maziwa ya mbuzi wa mama na kulala kwenye ngozi yangu ya kulalia, mimi nikalala chini. Alipojua anakwenda Kaikor alinipiga bega. "Nitaanza na mama," akasema. "Hata hiyo kompyuta inayochagua wa kuulizwa ikikataa kumchagua, mimi mwenyewe nitamuuliza."

Nikampigia mama. Hakuamini.

"Wataniuliza mimi? Si baba yako?"

"Wewe, mama. Peke yako. Wanaume watasubiri."

Alicheka sana. Kwetu mgeni wa serikali au wa mradi akifika, wanaume ndio huongea naye. Wanawake husikiliza, kisha huenda kuteka maji ya kumpikia chai huyo huyo mgeni. Na maji ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa mama. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa muda mrefu. Kila mgombea aliyepita aliishika kwa mkono akapigwa picha. Wanawake walikuwa wanachimba mchanga wa mto mkavu, mbali, na kurudi na mitungi kichwani. "Nitawaambia pampu," mama akasema. "Nitawaambia mpaka waandike."

Wakati huo malisho yalikuwa yameisha, na watu wa boma letu walikuwa wanahama na mifugo. Mama alikataa kwenda. Baba alimgombeza, akamwacha. Akabaki na jirani mmoja mzee na mbuzi wachache wasioweza kutembea. Kila nilipompigia kupitia simu ya mwenye duka, aliniuliza kama wale watu wameshapita Kakuma. Mimi nilimwambia wako njiani. Rafiki yangu ndiye aliyeniambia wako njiani.

Halafu matokeo yakasomwa redioni. Watu wa kaskazini, ikasemwa, wanamtaka mgombea fulani, na shida yao kubwa ni usalama. Mama alisikia akiwa dukani. Akanipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Wamemuuliza nani?"

Nikasema labda wamepita maboma mengine.

"Mwanangu, gari likiingia Kaikor hata mbuzi wanajua. Hakuna gari lililokuja."

Nilikuwa Kakuma siku ile kwa shughuli zangu, nimevaa fulana ya kampuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Niliingia kunywa chai kwa mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi, ambaye wenzangu walikuwa wateja wake. Aliitazama fulana akatabasamu, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok! Benzako bako wapi? Balikuwa banakaa hapa na zile tableti, asubuhi mpaka jioni. Banajiuliza, banajijibu, banacheka. Miye nilizani ni muchezo."

Chai sikuimaliza. Nilipanda gari la kwanza kurudi Lodwar, nikamkuta rafiki yangu nyumbani kwake akipiga pasi shati. Sikumsalimu. Nilimuuliza kama alifika Kaikor. Hata hakujisumbua kunidanganya.

"Barabara unaijua vile iko," akasema. "Na huko network ya tableti hakuna, hawa watu wa Nairobi watajuaje? Halafu mimi ni wa huko. Najua hao watu watasema nini."

"Na mama?"

"Nilimjibia pia. Si nilikuahidi?" Akacheka, akidhani nami nitacheka. "Ule ni mama yangu pia, bana. Kwani simjui?"

Ningekuwa na nguvu ningempiga na ile pasi. Nimedanganywa na wanasiasa tangu utotoni na huwa natema mate tu naendelea na shughuli zangu. Huyu alikula kwetu. Alimjua mama kiasi cha kuona hakuna haja ya kumsikiliza, na hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe. Niliwaandikia wakubwa wa Nairobi. Walinishukuru kwa bidii yangu, wakasema matokeo yameshatangazwa.

Sikuwa na njia ila kumwambia mama. Nilimpigia asubuhi, nikamweleza yote: kwamba rafiki yangu alikaa Kakuma akanywa chai, akajibu kwa niaba ya watu wote wa Kaikor, na yeye akiwamo. Nilisubiri amlaani. Hakumlaani.

"Huyo mtoto alisema mimi nampigia nani kura?"

Nikamtajia.

"Haya," akasema. "Na lile swali la shida, lile la mwisho. Aliwaambia pampu?"

Nilitamani simu ikatike. Haikukatika.

"Alisema usalama, mama."

Nilimsikia mwenye duka akiongea na mtu, na mbuzi akilia karibu. Kisha mama akaniambia anairudisha simu ya watu, jua limeshapanda na bado hajaenda mtoni.