Siku Walipovunja Msumeno wa Baba

Juzi nilikwenda mjini kununua msumeno wa mkanda, nikatoka dukani mikono mitupu, na hasira niliyodhani nimeizika zamani. Kaa nikusimulie, maana wewe ni mtu wa upande huu na utanielewa.

Mashine yenyewe unaijua hata kama hujui jina lake. Ina gurudumu juu na gurudumu chini, na katikati unazunguka ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaokata mbao kwa mpindo wowote unaoutaka. Mimi nina karakana ndogo nyuma ya nyumba yangu Kinoo. Natengeneza vitanda vya watoto na viti vya kubembea, na mapindo yote nimekuwa nikiyakata kwa mkono hadi mabega yakakataa. Sikutaka makubwa. Nilitaka ya bei ninayoiweza, inayotumia stima ya kawaida ya nyumbani, na ambayo mkanda ukikatika napata mwingine hapahapa mjini.

Kijana wa dukani alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu kana kwamba kuna mtu aliyechelewa kuingia.

"Madam," akasema, "mwambie mzee akuje achague mwenyewe. Hii si kitu ya kununuliwa mtu."

Nilimwambia mzee hayuko, awashe mashine. Akaiwasha. Ikakohoa kidogo, ikavuma, na mimi sikuwa tena pale dukani. Nilikuwa Uthiru, nimevaa sare ya shule, vumbi la mbao limenijaa kwenye nyusi.

Karakana ya Baba ilikuwa ya mabati, imeegemea nyumba yetu. Msumeno wake ulikuwa wa chuma kizito cha kumiminwa, rangi ya kijani iliyobambuka, umempita Baba kwa urefu. Aliununua ukiwa tayari mkuukuu, kutoka shule moja iliyokuwa ikifunga karakana yake. Sisi watoto tuliuita Shosho, kwa sababu kama nyanya yetu, ulinung'unika kwanza ndipo ukafanya kazi. Mbao ya saiprasi ikipita kwenye meno yake, uani kote kulinukia kama ganda la limau. Vumbi tuliwatandikia kuku. Maranda tuliwashia jiko, na hadi leo nikila githeri nahisi imekosa kitu, kumbe imekosa ule moshi.

Tulikuwa wasichana watupu nyumbani. Jirani yetu mwenye kibanda cha mboga alimwambia Baba kwamba akinizoesha kazi ya wanaume nitamzeekea mikononi. Baba alicheka tu. Nilipoingia darasa la saba alinisimamisha mbele ya Shosho, akanishika viwiko kutoka nyuma, akaniambia neno alilolirudia kila siku: "Mashine haijui wewe ni nani. Inajua tu vidole vyako viko wapi." Nilikata duara yangu ya kwanza kwenye kipande cha plaiwudi. Ilitoka kama chapati ya mtu anayejifunza kusukuma, lakini Baba aliitundika ukutani. Ilikuwa bado pale alipougua kifua.

Hakuugua muda mrefu. Tulimzika wakati wa baridi, na maua juu ya kaburi hayajakauka sawasawa, baba mdogo akaja na lori na vijana wa kukodi. Baba mdogo alikuwa mtu wa ofisini, hajawahi kushika hata randa. Alisimama katikati ya karakana, mikono mfukoni, akasema hapa hakuna kijana wa kuitumia hii mashine, wasichana wataolewa, na yeye amepata mtu wa vyuma chakavu.

Walijaribu kuinyanyua ikawashinda. Walijaribu kuivuta ikakataa kupita mlangoni. Basi akawaambia waivunje.

Umewahi kuona chuma cha kumiminwa kikipigwa nyundo ya kuvunjia mawe? Hakipindi. Kinapasuka kama chungu. Gurudumu la juu lilichomoka, likabingirika hadi kwenye banda la kuku, likaanguka kifudifudi. Nilikimbia niwazuie na Mama akanidaka mkono, akaniminya kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Kisha akaingia jikoni, akachemsha chai ya maziwa, akapanga viazi vitamu kwenye sinia, akaniamuru niwapelekee.

Niliwapelekea. Baba mdogo alipuliza kikombe chake taratibu, akasema chai ya nyumba hii haijabadilika.

Rafiki yangu, baba mdogo nilimchukia waziwazi na ilikuwa rahisi. Mama nilimchukia kimyakimya, na hiyo ndiyo iliyonila. Nililala na ile chai, nikaamka nayo. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaacha kazi, nikarudia mbao, na kila nikimtembelea Mama nilikuwa nakunywa maji tu. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Basi juzi nilimwambia yule kijana azime mashine. Nikatoka, na badala ya kupitiliza hadi Kinoo nikashuka Uthiru. Nilimkuta Mama kwenye veranda akiambua minji. Sikumsalimu vizuri.

"Mama, kwa nini uliwapa chai?"

Hakuuliza chai gani. Aliambua ganda moja, akaambua lingine. Akaniambia kwamba usiku wa mazishi baba mdogo alikuwa amemuuliza, kwa upole kabisa, hati ya ploti iko wapi. Siku alipokuja na lori, Mama alijua kwamba akipigania chuma, shemeji yake atakumbuka udongo. Na wakati ule hapakuwa na mtu wa kumsimamia mjane mwenye wasichana.

"Nilitaka ashibe na aondoke," akasema. "Nilimwacha avunje mashine ili asivunje nyumba."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kumwambia yote usoni. Nakujua."

Unadhani nilipoa? Sikupoa. Kumbe mwanamke aliyetoka tu kumzika mumewe alisimama mbele ya sufuria ya maziwa akipima ni kitu gani akiachie kiende, huku nyundo zinasikika uani. Na juu ya hayo, akabeba uso wangu mkavu miaka yote hiyo bila kujitetea. Nilimwambia naona hasira yangu imeongezeka.

"Kaa nayo," akasema. "Mimi siwezi kukuondolea. Lakini mashine ununue."

Kesho yake nilirudi mjini. Ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa na meza ya bati, ukiibonyeza inalegea. Niliikataa. Nilizungusha magurudumu ya ile iliyofuata kwa kidole, nikaona mkanda haukimbii pembeni, meza yake ni chuma cha kweli na inainama vizuri. Ni fupi, inanifika kiunoni, haimfikii Shosho hata kidogo, lakini niliichukua. Yule kijana alinitazama nikikaza mkanda, akaenda kuniletea wa akiba bila kuambiwa. Hakusema tena habari za mzee.

Pale palipokuwa na karakana, Mama alijenga vyumba vya kupangisha, na hao wapangaji ndio walionisomesha. Mafundi waliokuwa wamepangana kando ya barabara wametawanyika. Vitanda siku hizi vinakuja kwenye maboksi, vimeshindiliwa kwa vumbi la mbao na gundi, na mtoto akiruka mara mbili vimekwisha. Ukitembea Uthiru nzima hutasikia harufu ya saiprasi mbichi.

Kazi ya Baba iliyobaki ni mabenchi ya kanisani kwetu. Migongo yake aliikata kwa mpindo kwa ile mashine, ili mtu asiumie mahubiri yakirefuka. Baba mdogo sasa ni mzee wa kanisa. Huketi safu ya mbele, mkono wake umelala juu ya ule mpindo, anausugua kwa kiganja huku akiimba. Ibada ikiisha hunisalimu, "Fundi wetu, habari?" Nami humjibu nzuri, kwa sababu Mama amesimama kando yangu, na bado hati ya ploti ina jina la Baba, halijabadilishwa kuwa la Mama.