Alama Kumi na Tano za Kichwa Changu

Naomba kumbukumbu ziwekwe sawasawa: sikuanguka kwa uzee. Ngazi ndiyo iliyoteleza, nami nilikuwa juu yake nikikagua tangi la maji nyumbani. Kisogo kiligonga ukingo wa saruji, nikapoteza fahamu kwa muda mfupi. Majirani walinipapasa, hawakuona damu, wakanipa pole na kurudi kwenye bao lao.

Mke wangu hakuridhika, akanipeleka kituo cha afya. Tabibu kijana, baada ya shikamoo ya heshima, alieleza kwamba jeraha la wazi humtisha kila mtu, lakini lililofungika huweza kuwa baya zaidi: ubongo hutikisika, hata damu huvuja, na ngozi isionyeshe kitu.

Akaanza kunipima fahamu kwa kipimo cha alama kumi na tano. Macho yalifunguka yenyewe: alama nne. Viungo vilitii amri: sita. Yakabaki mazungumzo.

“Mzee, hapa tuko wilaya gani?”

“Kwa sasa Ubungo. Ila kiwanja hiki kilipimwa kikiwa Kinondoni, na mgawanyo ule—”

“Nne kati ya tano,” akasema. “Amechanganyikiwa kidogo.”

Nimechanganyikiwa! Mimi niliyestaafu nikiwa Afisa Utumishi Mkuu! Nilikata rufaa papo hapo, kwa hoja zilizopangika, hadi mke wangu akaingilia.

“Daktari, mpe tano yake tupumzike. Huyu ndivyo alivyo kila siku.”

Nikapata kumi na tano kamili, tukaambiwa tusubiri chini ya uangalizi.

Kichwa kikazidi kuuma. Yanayofuata nimesimuliwa na mke wangu, nami ninamwamini. Alishangaa muuguzi kuniita “babu” nami nikanyamaza. Akanijaribu.

“Eti ulistaafu ukiwa karani wa masijala?”

“Ndiyo, mama.”

Aliruka kutoka kwenye benchi. “Daktari! Njoo mbio! Nimemwita karani, kakubali!”

Muuguzi alicheka. Tabibu hakucheka. Alinimulika macho kwa tochi. Mboni moja ilikuwa imetanuka kuliko ya pili. Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa, ambako picha ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Nikapasuliwa.

Nilizinduka nimenyolewa upande mmoja. Mke wangu alikuwa ameketi kando, macho mekundu. Nilisoma utepe niliofungwa mkononi, nikaona nimeongezewa mwaka mmoja wa umri. Kwa sauti dhaifu lakini rasmi, nilidai urekebishwe mara moja.

Mke wangu alijifunika uso kwa kanga, akalia.

“Bishana, baba,” akasema. “Bishana mpaka kesho.”