Mstari wa Tope Nyumbani kwa Tsuruno

Kimbunga kilipopita, mto uliingia nyumbani kwa Bi Tsuruno bila hodi, ukalala humo siku mbili. Maji yalipotoka, alijifunga kitambaa kichwani akaanza kusugua. Siku nane nzima. Mikeka mizito ya sakafuni ilishaoza, akaikokota mwenyewe hadi barabarani. Kuta alizipiga brashi mpaka zikang'aa.

"We Tsuruno, utazitoboa hizo kuta!" jirani yake Kikue alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya uchochoro.

"Zako zinanuka kambare. Kasugue!"

Kumbe alikuwa anajifutia ushahidi.

Siku ya tisa akaja Bwana Hamasaki wa manispaa, mwenye kutoa cheti cha maafa. Bila cheti hicho, ofisi ya kodi haimpunguzii mtu hata yeni moja. Na Tsuruno, aliyekatwa kodi miaka na miaka kwenye kiwanda cha achari, aliitegemea nafuu hiyo anunue mikeka mipya. Akiikosa, binti yake wa Osaka keshasema: nyumba iuzwe, mama ahamie ghorofani kwake.

Hamasaki akazunguka na futi yake mkononi.

"Bibi, maji yalifika wapi?"

"Hapa." Akajigusa kifuani.

"Nakuamini. Lakini cheti kinataka alama ya tope ukutani. Picha je, ulipiga?"

"Nyumba chafu inapigwa picha? Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza, bibi. Ila nikiandika nilichokiona hapa, nitaandika hapakuharibika kitu."

Kilikuwapo chumba kimoja ambacho Tsuruno hakukigusa, chenye kabati la kuwaombea marehemu na picha ya mumewe, Eizo. Tope lilikuwa limempanda pichani hadi midomoni. Kila alipoinua kitambaa amfute, mkono ulikataa. Kumwonyesha mgeni mumewe katika hali ile! Heri avuliwe nguo sokoni.

Kisha akausukuma mlango.

"Ingia. Na usinipe pole."

Hamasaki hakutoa pole. Alipiga magoti, akaunganisha viganja mbele ya picha, ndipo akaikunjua futi. Mstari wa tope ulikwenda mnyoofu, ukutani, kabatini, usoni mwa Eizo.

"Nishikie ncha hii chini, bibi."

Akaishika.

"Sentimita mia na nane."

"Andika vizuri. Nyumba hii kaijenga yeye."

Hamasaki akaandika, akapiga picha tatu.

"Umemaliza? Hutarudi kuangalia tena?"

"Nimemaliza, bibi. Cheti utakipata."

Ndipo Tsuruno akaenda kuteka maji safi.